Kila namba iliyokadiriwa ina mipaka miwili

Kwa vijana wa Mbeya wanaojiandaa na GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya biashara vya nje, maswali ya utoshelevu wa taarifa huwasumbua hata waliofaulu vizuri hisabati kidato cha sita. Wamezoea kutafuta jibu. Hapa unaulizwa kama ulichopewa kinatosha kulipata. Kuna swali na taarifa mbili. Unachagua A kama ya kwanza peke yake inatosha, B kama ni ya pili peke yake, C kama ni lazima ziunganishwe, D kama kila moja inajitosheleza, na E kama hata kwa pamoja hazitoshi.

Ukiona makadirio, andika mipaka kabla ya kitu kingine chochote. "80 kwa makumi ya karibu" iandike 75 ≤ x < 85. Alama ya kulia haina usawa kwa sababu 85 kamili tayari inapanda hadi 90. Mipaka unaipata kwa nusu ya kipimo: ukikadiria kwa makumi, toa 5 na ongeza 5; kwa namba nzima, 0.5, kwa nafasi moja ya desimali, 0.05.

Chukua gunia la viazi kwenye mizani pale Mwanjelwa, uzito wake kilo x. Je, x ikikadiriwa kwa makumi ya karibu inakuwa 80? Taarifa ya 1: kwa kilo nzima iliyo karibu, x ni 84. Taarifa ya 2: kwa tano za karibu, x ni 85.

Ya kwanza inatoa 83.5 ≤ x < 84.5. Eneo lote liko ndani ya 75 na 85, kwa hiyo jibu ni ndiyo na taarifa inatosha. Ya pili inatoa 82.5 ≤ x < 87.5. Jaribu 83, unapata 80; jaribu 86, unapata 90. Haitoshi. Chagua A.

Sasa badilisha ile 84 iwe 85. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza alama. Wanasema 85 inakwenda 90, basi jibu ni hapana na taarifa inatosha. Hapo wamekadiria mara mbili. Makadirio hufanywa kutoka kwenye namba halisi, na x iko popote kati ya 84.5 na 85.5. Gunia la kilo 84.6 linasomeka 85 kwa kilo nzima, lakini kwa makumi ni 80. La kilo 85.2 ni 90. Mpaka wa 85 umelikata eneo katikati, na taarifa ya pili haisaidii kwa kuwa mipaka yake ni mipana kuliko ya kwanza. Jibu ni E.

Lakini swali likitamka kwamba x ni namba nzima, taarifa ya kwanza inabakiza 85 pekee, inayokwenda 90. Jibu la swali linakuwa hapana ya uhakika, na hapana ya uhakika inatosha sawasawa na ndiyo. Chagua A. Neno "nzima" limegeuza kila kitu, kwa hiyo lipigie mstari ukiliona, na lisipokuwepo usilidhanie.

Kwenye tofauti ya namba mbili, mipaka huvuka. Kama x imekadiriwa 70 na y 40, zote kwa makumi, x − y ya chini hupatikana kwa kutoa y kubwa kutoka x ndogo: 65 − 45 = 20. Ya juu ni 75 − 35 = 40. Hakuna inayofikiwa, kwani 45 na 75 zenyewe haziruhusiwi, hivyo 20 < x − y < 40. Swali likiuliza kama tofauti inazidi 20, makadirio hayo yanatosha. Likiuliza kama x + y inazidi 100, hayatoshi: 65 + 35 ni 100 kamili, na zote mbili zinaruhusiwa.

Sehemu yenye maswali haya ina maswali 20 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na robo kwa kila moja. Usizitumie kujaribu namba za katikati. Jaribu zile zilizo jirani na mpaka, moja kila upande.