Watu saba kwenye meza moja ya D&D: chukua wanne, na wa tano wa akiba

Mkuu, umesema una watu saba wanaotaka kuja kwako kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, na mchezeshaji, yaani msimulizi anayeendesha na maadui, ni wewe peke yako, na unauliza kama uwachukue wote. Nimechezesha hapa Dar mwaka wa sita sasa, na meza ya watu saba nimewahi kuwa nayo. Usiwachukue wote kwa pamoja.

Meza yangu hiyo ilidumu miezi minne, kila Jumapili kuanzia saa nane mchana, sebuleni. Alikuwepo dada mmoja muuguzi, wakati mwingine alikuja hata hajalala vizuri baada ya kukesha kazini. Mhusika wake alikuwa kuhani, na maisha ya huyo kuhani alikuwa ameyaandika kwa mkono kurasa mbili: kijiji alichotoka, mdogo wake aliyepotea, kila kitu. Siku hiyo tuliingia pangoni, vibwengo tisa wakawazingira. Akacheza zamu yake, kisha ikazunguka meza nzima. Niliangalia saa: dakika 34 ndipo ikamrudia. Muda wote huo alikuwa ameshika dadu ya pande 20 kiganjani, anaisugua kwa kidole gumba. Akairusha, ikatoka 4, akakosa. Zamu ikaenda kwa mwingine. Jumapili iliyofuata hakuja, na nilijua kwa nini.

Piga hesabu mwenyewe. Mchezaji wa kawaida anachukua kama dakika tatu kwenye pambano: aulize yuko wapi, achague, arushe, tujumlishe. Watu saba ni dakika 21, hapo sijagusa maadui, na hakuna aliyesema "samahani, sikusikia, rudia". Wakiwa wanne, mtu anarudi kwenye mchezo ndani ya robo saa, bado anakumbuka alichopanga.

Lakini shida kubwa si pambano. Utamu wa mchezo huu, kwangu mimi, ni pale wahusika wanapoongea wao kwa wao. Mwizi ana deni la mchawi, shujaa hamwamini kuhani, wawili wana siri ambayo wengine hawaijui. Watu wanne wana jozi sita za namna hiyo, na mchezeshaji anaweza kuzikumbuka zote na kuzichokoza moja moja. Watu saba wana jozi 21. Mimi zilinishinda. Nikabaki nasikiliza wenye sauti kubwa, na wapole wakageuka watazamaji.

Najua kuna atakayekuja kusema vitabu vya zamani viliruhusu umati. Ni kweli. Kanuni za kwanza kabisa za mwaka 1974, za Gary Gygax na Dave Arneson, zinataja wachezaji 4 hadi 50 kwa kampeni moja, yaani hadithi moja ndefu inayochezwa siku nyingi, na mchezeshaji mmoja kwa wachezaji kama 20. Ila hapo inazungumziwa kampeni nzima, si lazima wote wakae siku moja. Tena kwenye toleo la Basic la 1981 kuna nafasi ya msemaji, mchezaji mmoja anayemwambia mchezeshaji kundi zima linafanya nini. Kwa mchezo wa kuingia shimoni, kuchukua hazina na kutoka, inafaa. Mtu aliyeandika kurasa mbili za mhusika wake anataka kuongea kwa kinywa chake.

Kitabu cha mchezeshaji cha toleo la tano, cha 2014, chenyewe kinapima ugumu wa mapambano kwa kundi la watu watatu hadi watano. Wakiwa chini ya hapo, au sita na zaidi, kinakutaka ubadilishe hesabu. Usilipuuze hilo. Joka nililoliandaa wiki nzima lilikufa kabla ya zamu yake ya pili, kwa sababu watu saba wanapiga mara saba. Ukiongeza maadui ili kusawazisha, mzunguko unazidi kurefuka.

Wachache nao wana mipaka yao. Wawili wanatoa hadithi nzuri sana, ila akianguka mmoja nusu ya kundi imelala, na wanachoka haraka kwa sababu hakuna wa kuwapokea. Watatu wanatosha kabisa. Kwa Call of Cthulhu, mchezo wa namna hii ila wa kutisha, mimi napendelea watatu hao hao, maana hofu inataka ukimya.

Wa tano ni wa nini basi? Foleni, msiba, mvua, zamu za kazi. Alika watano, watafika wanne. Kwangu wakifika watatu tunacheza. Mhusika wa asiyekuja amebaki kambini ana homa. Ukianza kuahirisha kwa ajili ya mtu mmoja, mwezi wa pili huna kundi.

Sasa hao saba wako: wagawe meza mbili, wanne na watatu, wiki hii hawa, wiki ijayo wale. Ndivyo nilivyofanya. Yule muuguzi nilimpigia simu, akarudi kwenye meza ya watatu, na siku ya pili kuhani wake alimbembeleza mlinzi wa daraja karibu dakika kumi, bila kurusha dadu hata mara moja. Wenzake walinyamaza kumsikiliza.

Mgawanyo huo usiutangaze kwenye grupu la WhatsApp. Mpigie kila mmoja, umwambie na tarehe ya meza yake, ili asihisi amefukuzwa.

Na kama kati yao yuko wa kuja mara moja moja tu, usimhesabu, ila usimnyime kiti. Mimi humpa vibwengo awaendeshe yeye jioni hiyo.