Maziwa, malaria na kalsiamu ya vimelea

Dada uliyeuliza kama mtoto mwenye malaria anyimwe maziwa kwa sababu vimelea "vinakula kalsiamu": mpe maziwa. Tena ikiwa ameandikiwa artemeta-lumefantrini, dawa mseto ya malaria, yatamsaidia, maana lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi ikiandamana na mafuta. Aliyekutisha alisikia nusu ya habari, na nusu hiyo ina ukweli wake.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya vimelea huku Nairobi, upande wa Kabete, hasa na tripanosoma, vile vinavyoenezwa na mbung'o: malale kwa watu, nagana kwa ng'ombe. Damu ya ng'ombe tunaitia kwenye chupa za kizibo cha zambarau, zenye EDTA, ambayo huinasa kalsiamu ili damu isigande. Sasa weka tone la damu hiyo chini ya hadubini. Vimelea bado vinajinyonganyonga na kupiga kumbo chembe nyekundu. Kalsiamu ya nje imenaswa, vyenyewe havina habari! Hilo peke yake halithibitishi mengi, lakini linakufanya uulize vinaweka wapi akiba yao.

Ndani. Ukipaka slaidi rangi ya Giemsa, mara nyingi utaona vidoti vyeusi mwilini mwa tripanosoma. Wazee wa fani waliviita volutini. Mwaka 1994 kundi la watafiti Roberto Docampo na Silvia Moreno lilieleza ghala la kalsiamu lenye asidi ndani ya Trypanosoma brucei, na baadaye ikabainika kwamba vidoti vile ndivyo ghala lenyewe, vimesheheni polifosfeti, yaani minyororo ya fosfeti. Leo huitwa asidokalsisomu. Asidi yake huingizwa na pampu inayoendeshwa na pairofosfeti (fosfeti mbili zilizoungana), pampu ambayo binadamu hatuna. Watafuta dawa wanaikodolea macho kwa sababu hiyo.

Kwa nini ghala? Kalsiamu huru kwenye damu ni kama mara 10,000 ya iliyo katika ute wa seli ya kimelea. Kwa hiyo kimelea hakina njaa ya kalsiamu. Shida yake ni kuizuia isifurike. Ikiachiliwa kidogo kutoka ghalani, hiyo ni amri tayari kwa kimelea kutenda jambo.

Cha malaria kina ujanja zaidi, na hapa mimi huvua kofia. Kinaishi ndani ya chembe nyekundu, ambamo kalsiamu ni haba mno. Lakini kinapoingia, utando wa chembe hujikunja na kukifunika, na pampu zilizokuwa zikitoa kalsiamu nje sasa zinaimwaga ndani ya kifuko kinamokaa. Wakati wa kutoka ukifika, kalsiamu hupanda ndani ya kimelea, protini ziitwazo CDPK, zinazoamshwa na kalsiamu na ndugu za zile za mimea, huitikia, chembe hupasuka na vimelea huvamia nyingine. Kwa Plasmodium falciparum mzunguko huo ni takriban saa 48.

Kikombe cha maziwa hakigusi lolote kati ya hayo, kwa sababu homoni ya paratiroidi, itokayo kwenye tezi ndogo za shingoni, huishikilia kalsiamu ya damu pale pale. Pa kutenganisha maziwa na dawa ni kwa mtu mzima anayemeza doksisaiklini kujikinga na malaria safarini: kalsiamu huishika dawa hiyo tumboni, ikafyonzwa pungufu.