Chokaa Ikirudi Kuwa Jiwe: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Sifa za Maada

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: mtu atajuaje kwamba kitu kimebadilika sura tu, na atajuaje kwamba kimekuwa kitu kingine kabisa? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake amegundua kasoro katika kanuni ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuijaribu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, naishi Kilwa Masoko. Tumefundishwa kwamba mabadiliko ya kiumbo hurejesheka na mabadiliko ya kikemikali hayarejesheki. Babu yangu alikuwa mchomaji wa chokaa enzi za ujana wake, naye ananiambia kuwa chokaa hutokana na jiwe, na ikishapigwa ukutani hurudi kuwa jiwe. Ikiwa babu anasema kweli, basi kuchoma chokaa ni mabadiliko ya aina gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako anasema kweli tupu, na kuchoma chokaa ni mabadiliko ya kikemikali. Kilicho na kasoro ni hiyo kanuni ya kurejesheka na kutorejesheka. Hebu tulifuate jiwe la babu yako kuanzia ufukweni hadi ukutani, na kila hatua tuulize swali moja tu: je, hapa imepatikana dutu mpya?

Jiwe la matumbawe, kwa sehemu kubwa sana, ni kalsiamu kabonati. Lina sifa zake za kiumbo, yaani zile unazoweza kuziona au kuzipima bila kuligeuza kuwa kitu kingine: ni gumu, halina harufu, halipitishi umeme, na ukilitumbukiza majini hata kwa mwezi mzima utalikuta vile vile. Lina pia sifa za kikemikali, ambazo hazionekani mpaka jiwe lenyewe lianze kugeuka. Ukidondoshea maji ya ndimu juu ya kipande cha tumbawe utaona vipovu vinafoka, kwa sababu asidi ya ndimu inaivunja kabonati na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Sifa ya kufoka huwezi kuiona kwa kulitazama jiwe wala kulipima kwa mizani. Ni lazima sehemu ya jiwe hilo itoweke ndipo uijue.

Sasa twende kwenye tanuu. Wachomaji wa pwani yetu hupanga magogo kwa duara, wakapakia mawe ya matumbawe juu yake na kuutia moto katikati, na lundo likaungua hadi likaporomoka. Joto likifika karibu nyuzijoto 900 za Selsiasi, kalsiamu kabonati huvunjika: gesi ya kaboni dayoksaidi huondoka na upepo, na kinachobaki ni kalsiamu oksaidi. Muulize babu kuhusu uzito wa mawe hayo baada ya kuungua. Jiwe lililotoka motoni linaweza kubaki na ukubwa karibu ule ule lililoingia nao, lakini ukilinyanyua mkono unashtuka kwa wepesi wake. Kila gramu 100 za kalsiamu kabonati safi hubakisha gramu 56 tu. Gramu 44 zimekwenda hewani. Wepesi huo ni ushahidi mkubwa kuliko rangi, kwa kuwa rangi hubadilika kwa sababu nyingi.

Hatua ya pili ni kulitia maji. Jiwe la kwanza halikujali maji hata kidogo, ilhali hili la sasa linayanywa kwa pupa, linatoa sauti ya kuchemka, linafuka mvuke, linavimba, linapasuka, na mwisho linakuwa unga mweupe laini. Gramu 56 zile zimechukua gramu 18 za maji na kuwa gramu 74 za kalsiamu haidroksaidi, na joto linalotoka linatosha kuunguza ngozi. (Hapa nawasihi vijana wote: chokaa ambayo haijatiwa maji si kitu cha kuchezea. Chembe yake ikiingia jichoni inaweza kumharibia mtu macho.) Hii ni dutu ya tatu, na ukiijaribu kwa karatasi nyekundu ya litmasi, ile ya kutambulia asidi na besi, itaigeuza kuwa ya buluu.

Hatua ya tatu hutokea polepole hata watu hawaioni. Lipu ikishapigwa ukutani, kalsiamu haidroksaidi huanza kuchukua kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kuyaachia maji, mpaka inakuwa tena kalsiamu kabonati, ile ile ya jiwe la kwanza. Kazi hiyo huanzia juu ya ukuta na kuingia ndani kidogo kidogo, kwa miezi na hata miaka. Ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani ukagusa kuta za Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, unagusa chokaa iliyokwisha kurudi kuwa jiwe.

Kwa hiyo tumepita katika dutu tatu tofauti, tukarudi tulikoanzia. Mabadiliko yote matatu ni ya kikemikali, maana kila mara dutu ya zamani ilitoweka na nyingine yenye sifa nyingine ikazaliwa. Kurejesheka hakukubadilisha chochote katika hukumu hiyo. Na kanuni mliyofundishwa ina kasoro upande wa pili vilevile. Mahindi yakishasagwa hakuna anayeweza kuurudisha unga kuwa punje, lakini unga ni mahindi yale yale, na kusaga ni mabadiliko ya kiumbo. Shika kipimo hiki cha dutu mpya, na ile kanuni nyingine uichukulie kuwa dokezo tu, ambalo mara nyingi husaidia na mara nyingine hupotosha.

Nakuongezea jambo moja ambalo unaweza kulifanya maabara chini ya uangalizi wa mwalimu wako. Chukueni maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa maangavu, kisha mpulizie pumzi ndani yake kwa mrija, mkiwa waangalifu msiyavute mdomoni. Yatakuwa meupe kama maziwa. Weupe ule ni chembe za kalsiamu kabonati, na mmenyuko wenyewe ni ule ule unaoigandisha lipu, ila hapa unakamilika kwa dakika chache mbele ya macho yenu. Mkiendelea kupitisha kaboni dayoksaidi hiyo ya pumzi kwa muda mrefu, weupe utaondoka tena, kwa sababu kabonati inageuka kuwa kalsiamu haidrojeni kabonati, ambayo humumunyuka. Maji yenye kaboni dayoksaidi yakipita katika miamba ya chokaa kwa maelfu ya miaka huitafuna kwa njia hiyo hiyo, na hivyo ndivyo yanavyochimbika mapango kama yale ya Amboni huko Tanga. Na mkiyachemsha maji hayo maangavu, weupe utarudi. Ndio ule ukoko unaoganda ndani ya birika katika sehemu zenye maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi iliyomumunyuka.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mombasa. Mchuzi wenye bizari ya manjano ulimwagikia kanzu ya mwanangu. Nilipolipaka doa sabuni ya kipande likageuka jekundu kama damu, na nilipoisuuza kanzu likarudi kuwa la njano. Binti yangu anasema hiyo ni kemia. Je, nguo imeharibika?

JIBU: Nguo haijaharibika, na binti yako amesema vyema. Bizari ya manjano ina kemikali ya rangi iitwayo kurkumini. Katika asidi au maji ya kawaida huwa ya njano, lakini ikikutana na besi, yaani dutu iliyo kinyume cha asidi, na sabuni ya kipande ni ya upande huo, molekuli zake hupoteza ioni ya haidrojeni (chembe ya haidrojeni yenye chaji ya umeme), na molekuli iliyopungukiwa ioni hiyo hunyonya mwanga tofauti na ile ya kwanza, ndiyo maana tunaiona nyekundu. Maji ya kusuuzia yakiondoa sabuni, ioni inarudi na rangi ya njano pia. Mwambie binti achovye kitambaa cheupe katika maji yenye manjano, akikaushe, kisha upande mmoja adondoshee maji ya magadi na baadaye maji ya ndimu mahali pale pale. Ataona njano ikiwa nyekundu na nyekundu ikiwa njano, na atakuwa amepata mfano mwingine wa mabadiliko ya kikemikali yanayorejesheka, sawa na wa ndugu yetu wa Kilwa. Doa lenyewe lianike juani likiwa bichi, kwa sababu kurkumini huvunjwa na mwanga wa jua, na huko ndiko kuondoka kwake kwa kweli.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma darasa la saba, Bagamoyo. Tukitia chumvi kwenye maji tunasema imeyeyuka, na barafu pia tunasema imeyeyuka. Je, ni jambo moja?

JIBU: Marahaba. Ni mambo mawili, na Kiswahili chetu kina maneno mawili, ingawa katika mazungumzo tunatumia moja. Barafu huyeyuka: inatoka hali ya yabisi kwenda kimiminika kwa joto tu, pasipo msaada wa dutu nyingine, na hilo hutokea kwenye nyuzijoto 0. Chumvi ndani ya maji humumunyuka: chembe zake zinatenganishwa na kuzungukwa na molekuli za maji. Ukitaka chumvi iyeyuke kweli, ikiwa peke yake, utahitaji nyuzijoto 801, joto ambalo kikaango juu ya jiko la nyumbani hakilifikii. Ndiyo maana chumvi ya mawe ukiitia kwenye kikaango cha moto inaalika na kurukaruka, kwa sababu ya maji machache yaliyonaswa ndani ya punje, lakini haigeuki uji. Sukari ni tofauti: huanza kuyeyuka, halafu inakuwa ya hudhurungi na kutoa harufu nyingine, na hapo tayari tumeingia katika kemia, kwa kuwa molekuli zake zinavunjika.

Kumumunyuka kwa chumvi huhesabiwa kuwa mabadiliko ya kiumbo, na wewe unayeishi karibu na majaruba ya chumvi unao ushahidi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi za aina mbalimbali, na zaidi ya robo tatu yake ni chumvi ya mezani. Jua na upepo vinayaondoa maji, na chumvi inabaki na sifa zake zote. Wakulima wa chumvi huyahamisha maji kutoka jaruba hadi jaruba wakijua kwamba kila aina huganda kwa wakati wake: kalsiamu kabonati na jasi hutangulia, kisha chumvi ya mezani, na maji machungu ya mwisho yenye magnesiamu humwagwa. Huko ni kutenganisha mchanganyiko kwa kutumia sifa ya kiumbo, yaani kiasi ambacho kila dutu huweza kumumunyuka.

SWALI: Ndugu Mwalimu, nilihamia Arusha kutoka Dar es Salaam, na maharage yananichosha kwa kukawia kuiva. Jirani ananiambia huku maji huchemka kabla hayajapata moto vya kutosha. Kama nukta ya kuchemka ni sifa ya maji, inabadilikaje kwa kuhama mji?

JIBU: Jirani yako hakukosea. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na kanieneo ya hewa inayoyakandamiza. Dar es Salaam, usawa wa bahari, ni nyuzijoto 100. Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ni karibu 95. Na kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu 80. Kuongeza moto hakusaidii, kwa kuwa maji yaliyokwisha kuanza kuchemka hayapandi joto, yanaishia kuwa mvuke tu. Sufuria ya presha ndiyo dawa, kwani huongeza kanieneo ndani yake. Sifa yenyewe haijaharibika. Inatakiwa kutajwa pamoja na kanieneo iliyopimiwa.

SWALI: Mwalimu, nimeuziwa pete Geita, nimeambiwa ni dhahabu safi. Nitahakikishaje bila kuiharibu?

JIBU: Anza na densiti, ambayo ni sifa ya kiumbo na haiigusi pete. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na shaba nyekundu, au shaba iliyochanganywa na zinki, haifiki hata nusu yake. Tuseme mizani imesoma gramu 9.65. Weka bilauri ya maji juu ya mizani nyeti, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize pete kwa uzi mwembamba hadi izame bila kugusa kitako wala ubavu wa bilauri. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Ikisoma 0.5, gawanya 9.65 kwa 0.5 upate 19.3. Ikizidi 0.5 waziwazi, pete hiyo si dhahabu safi.

Sonara ana njia nyingine inayotumia aina zote mbili za sifa mahali pamoja. Huisugua pete kidogo juu ya jiwe jeusi gumu hadi ibaki alama, akaitazama rangi yake, kisha akaidondoshea asidi ya naitriki. Alama ya shaba hutoweka ikifoka. Alama ya dhahabu safi hubaki juu ya jiwe kama ilivyokuwa.