Insha ya mhusika wa tanzia: anzia pale alipoweza kurudi nyuma

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina insha ya kumchambua Macbeth, mhusika mkuu wa mchezo wa Shakespeare wenye jina hilo. Nimeorodhesha sifa zake saba (jasiri, mwenye tamaa, katili na kadhalika) na kila sifa nimeitafutia nukuu, lakini nikianza kuandika naishia kusimulia mchezo mzima. Nipangeje?

Jibu: Marahaba. Kazi yako haijapotea, ila orodha ya sifa haina mwendo, na mhusika wa tanzia ni mwendo. Macbeth jasiri na Macbeth katili ni mtu yuleyule. Anayesahihisha anataka kuona alivyotoka hapa akafika pale. Ukiipa kila sifa aya yake, aya hazishikani, nawe unaazima mtiririko wa hadithi ili kuziunga. Hapo ndipo usimulizi unapoingia.

Ziweke sifa kando kwanza. Tafuta mahali ambapo mhusika angeweza kurudi nyuma, asirudi. Kwa Macbeth ni tendo la kwanza, onyesho la saba. Yuko peke yake, anajihesabia sababu za kutomuua Duncan: ni jamaa yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake usiku ule, tena ni mtawala mpole. Upande wa pili wa mizani ana tamaa tu, na anakiri hivyo kwa kinywa chake. Anamwambia hata mkewe kwamba jambo hili wasiliendeleze. Kisha anakubali kuua. Lisome onyesho hili mara tatu, nne, maana insha yako imo humo: mtu huyu hakuanguka kwa kutojua jema na baya.

Wengi huandika "dosari yake ni tamaa" wakaona wamemaliza. Neno alilotumia Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeandika juu ya tanzia, yaani hamartia, asili yake ni kukosa shabaha, yaani kosa linalotendwa. Si lazima liwe tabia mbovu ya kuzaliwa nayo. Basi jiulize: kosa lenyewe ni lipi, na linamgeuzaje kila anapolirudia?

Sasa chagua nyakati mbili zaidi za kupima jibu lako. Mimi ningechukua tendo la tatu, anapopanga kifo cha Banquo, jemadari mwenzake, na kumficha mkewe mpango huo, mke yuleyule aliyemsukuma mwanzoni amuue Duncan. Kisha tendo la nne: akisikia mpinzani wake Macduff amekimbilia Uingereza, anaapa kwamba tangu sasa wazo likizaliwa moyoni mkono utalitenda papo hapo, na anaagiza mke na watoto wa Macduff wauawe. Hoja kuu inajitokeza yenyewe: Macbeth anaangamia kwa kujizoeza kuzima fikra iliyokuwa ikimzuia. Sentensi hiyo iandike juu ya karatasi. Aya isiyoitumikia, iondoe, hata kama nukuu yake ni nzuri.

Msomaji atakuuliza: je, si wachawi waliomtabiria ufalme ndio waliomponza? Usimkwepe. Banquo naye alitabiriwa makuu palepale, na hakuua mtu. Aya moja juu yake inatosha, nayo ikae mara baada ya ile ya Duncan.

Ndani ya aya, anza na dai lako, ndipo ulete tukio. "Alimuua Duncan akarudi na majambia" ni usimulizi. "Akili yake imevurugika kiasi kwamba anasahau kuyaacha majambia chumbani, na kinachomsumbua ni kwamba alishindwa kutamka amina" ni uchambuzi. Nukuu ziwe fupi, maneno machache unayoweza kuyafafanua moja moja.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua umethibitisha nini. Na kwenye hitimisho usirudie hoja; mpeleke msomaji tendo la tano, kilio cha wanawake kinaposikika ngomeni. Aliyetetemeka kwa kubishwa hodi usiku ule alipomuua Duncan sasa anasema karibu amesahau hofu ina ladha gani, na akiletewa habari kwamba mkewe amekufa, hana hata chozi la kumlilia.