Mbwa wako wa kwanza: mambo ya afya yake niliyojifunza kwa hasara

Nyie mlioanza kufuga mbwa mwaka huu, najua mmeshanunua bakuli na mnyororo na jina mmeshampa, jina kubwa tu la kutisha wezi, sasa kaeni kidogo niwaambie yale ambayo aliyekuuzia mbwa hakuyasema. Mimi nafuga huku Kibamba, nje kidogo ya mji wa Dar, huu mwaka wa 11, nilianza na mbwa wa kienyeji nikaja kwenye German Shepherd na machotara wake, na karibu kila ninachokijua nimekijua baada ya kuzika. Sio daktari wa mifugo mimi. Nawapa ya nyumbani tu, pamoja na wapi ya nyumbani yanaishia, maana hapo ndo tunapoumia wengi, tunakimbilia kutibu kabla hatujamwangalia mbwa mwenyewe.

Kumwangalia kwenyewe ni dakika 1. Asubuhi kabla sijatoka namwita, namfunua mdomo nacheki fizi, zinatakiwa ziwe pinki, ukibonyeza kwa kidole panakuwa peupe ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Wapo wenye fizi nyeusi toka kuzaliwa, hao wavute kope ya chini uone nyama ya ndani. Ukikuta nyeupe kama karatasi au njano, kazini usiende, tafuta usafiri. Alafu navuta ngozi ya mabegani juu naiachia, ikibaki imesimama kama hema ujue amekaukiwa maji. Pua kavu sio ugonjwa, hilo lisahau kabisa.

Na nunua thamomita ya kidijitali, hii hii ya duka la dawa za binadamu, unaipaka Vaseline unaiingiza kidogo njia ya haja kubwa. Joto la mbwa mzima lina 38 na pointi hadi kama 39.2, yaani liko juu kuliko letu, mi mwaka wa kwanza nilimpigia bwana mifugo saa 5 usiku eti mbwa ana homa ya 38.8, mzee wa watu akacheka akakata simu. Ikipita 39.5 hapo sawa, ni homa. Ikigonga 41, ni dharura, mara nyingi ni mbwa aliyefungwa juani au kwenye gari, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, huku mnaelekea kwa daktari. Thamomita yenyewe uifunge utepe mwekundu. Yangu niliifunga baada ya wife kuichukua kabatini usiku mtoto anaumwa, naomba nisiendelee.

Sasa kupe. Huku kwetu pwani hamna baridi la kuwapunguza kwahiyo wapo Januari mpaka Desemba, na kosa la wageni wote ni moja, unamuogesha mbwa dawa kila wiki afu unashangaa wanatoka wapi. Wanatoka ukutani! Kupe wa mbwa, yule wa kahawia, anaweza kuzaliwa akazeeka humo humo ndani ya geti lako, jike akishashiba damu anajiachia, anapanda ukuta wa banda anatafuta ufa, anataga mayai maelfu, sio mia, maelfu, kisha anakufa akiwa kashamaliza kazi. Kwahiyo kumuogesha mbwa peke yake ni sawa na kudeki huku bomba linavuja. Mi nilichofanya nilitoa matambara yote nikayachoma, nyufa nikaziba kwa saruji, nikapuliza banda dawa ya kupe kutoka duka la mifugo, mbwa anakaa nje mpaka pakauke kabisa, na nikarudia tena na tena kwa miezi kama mitatu maana mayai hayaanguliwi siku moja. Kipimo soma kwenye chupa, usikadirie kwa kizibo kama unavyoona kwa wafugaji wa ng'ombe. Na kama una paka ndani muulize muuzaji mara mbili, kuna dawa za mbwa zina permethrin, hiyo kwa mbwa poa tu ila paka inamuua.

Kupe aliyeng'ang'ania mtoe kwa kibano, mshike karibu kabisa na ngozi uvute taratibu moja kwa moja. Habari za kuchoma na kiberiti au kumpaka mafuta ya taa achana nazo, na usimpasue kwa kucha.

Nasema sana kuhusu kupe kwasababu ya mbwa wangu Bosco. Bosco aliacha kula, mi nikasema minyoo, nikampa dawa ya minyoo nikalala na amani. Siku ya pili kala kidogo. Siku ya tatu mgeni kagonga geti na Bosco kalala tu kwenye mchanga anamwangalia, hapo ningejua, mbwa wa ulinzi asiyeamkia mgeni huyo anaumwa sana. Siku ya nne damu puani. Daktari akachukua damu, kumbe homa ya kupe, ile ya ehrlichia, akaandika vidonge vya doxycycline wiki 4. Nilimpa siku 10, akachangamka, akaanza kubweka, nikaona dawa zilizobaki niweke akiba. Miezi michache baadae ikarudi na safari hiyo hakuamka. Kuna na ile homa nyingine ya kupe, babesia, hiyo mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyokolea na fizi zinapauka haraka, dawa yake ni sindano nyingine kabisa, kwahiyo usije ukaenda dukani ukasema nipe dawa ya homa ya kupe ukadhani zote moja. Pima damu.

Nyie mnaokaa pwani kwenye mchanga mtakutana na kitu kingine, vipele kama majipu tumboni na miguuni, kila kimoja kina katundu katikati, ukikaa ukatazama vizuri katundu kanacheza. Hao ni mabuu ya nzi, wako hai ndani ya ngozi. Hii ya nyumbani kabisa: paka Vaseline nzito uzibe tundu, buu anakosa hewa anasogea juu, baada ya nusu saa hivi unabonyeza kwa vidole gumba viwili kutokea pembeni anatoka mzima, asipasukie ndani, kisha osha na maji ya chumvi. Nzi huyo anapenda kutaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, ndo maana bibi alikuwa anakulazimisha upige pasi mpaka soksi ukaona anakuonea.

Kwa wenye shepadi, ncha za masikio zitaliwa na nzi mpaka damu. Osha, kausha, paka Vaseline kila siku, ila dawa yenyewe ni kuzoa kinyesi asubuhi na jioni, usipozoa utapaka mpaka uchoke. Ndani ya sikio usiingize vile vijiti vya pamba.

Ukurutu. Mbwa anajikuna, manyoya yanakatika, na jirani lazima atakuja na ushauri wa kumpaka oili chafu ya gari. Usikubali. Nimeona mbwa aliyepakwa, kajilamba usiku kucha, asubuhi anatapika anayumba, ngozi yenyewe imeungua. Kuna upele wa wadudu wa aina tofauti tofauti, daktari anakwangua kidogo anaangalia kwa darubini, dawa ipo na inafanya kazi. Aina moja inahamia kwa watu, kama na watoto wako wameanza kujikuna ushapata jibu.

Kuharisha, kwa mbwa mkubwa ambae bado anatikisa mkia na anakunywa maji, mpumzishe tumbo masaa 12 bila chakula, maji yawepo, baada ya hapo wali laini na kuku wa kuchemsha, bila ngozi, bila mifupa, bila chumvi, bila kitunguu, kidogo kidogo siku 2 au 3. Kitunguu nakitaja makusudi kwasababu kinaharibu damu ya mbwa, kibichi au kilichopikwa, na sisi shughuli ikiisha tu sufuria la pilau linaenda kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama vijiti vyenye ncha, nayo acha. Na unga wa dona ulioota ukungu ambao nyumbani mmeukataa, usimpikie mbwa, ile sumukuvu inaua ini lake vile vile.

Ila mtoto wa mbwa, hasa chini ya miezi 6, habari za kumnyima chakula hazipo. Anatapika, anaharisha maji, kisha damu yenye harufu ambayo ukiisikia mara moja maishani huisahau, hiyo ni parvo, ugonjwa wa kirusi, na unahesabu masaa. Ndani ya gari mpake glukosi kidogo kwenye fizi, lakini nenda, anahitaji dripu. Mimi wa kwanza alikufa siku ya pili. Uchungu ukanifanya ninunue mwingine mwezi uliofuata, nikamweka banda lile lile na bakuli lile lile nililolisuuza kwa sabuni, nae akaondoka hivo hivo. Hamna aliyeniambia kirusi kinakaa hapo chini miezi na miezi, hata mwaka, na sabuni hakiisikii. Jiki ndo inakiua, kipimo 1 cha jiki kwa 30 za maji, sakafu uioshe kwanza kinyesi chote kitoke, umwage, uache dakika 10. Kama banda ni la udongo jiki haisaidii, huyo mpya mpeleke sehemu nyingine. Na chanjo huwa haiishi kwa sindano moja, inaanza wiki ya 6 mpaka 8 inarudiwa kila wiki 3 au 4 hadi afike wiki ya 16. Muuzaji akikwambia "huyu kashachanjwa" muulize ngapi.

Dawa za binadamu ni fupi tu: diklofenaki hapana, brufeni hapana, panado hapana. Mbwa anachechemea una huruma unampa kidonge kimoja, kinamtoboa tumbo au kinamuua figo au ini.

Wenye majike, akitoka damu na muda wa joto lake, yaani siku zake za kutaka dume, haujafika, au damu haiishi wiki baada ya wiki, usiseme ni kawaida ya majike, mara nyingi ni uvimbe ule unaoambukizwa wakipandana na mbwa wa mtaani, na unatibika vizuri kwa sindano za kila wiki. Lakini jike aliyetoka joto mwezi mmoja au miwili nyuma, anakunywa maji kupita kiasi na hali chakula, hiyo inaweza kuwa usaha kwenye kizazi. Siku hiyo hiyo kwa daktari.

La mwisho lilinikuta mimi. Jirani kaniita, Mzee njoo unisaidie, mbwa kakabwa na mfupa. Nimefika kweli mdomo uko wazi, taya limening'inia, mate yanatiririka, sauti imebadilika. Nikaingiza mkono kutafuta mfupa. Hamkuwa na mfupa. Kichaa cha mbwa wakati mwingine hakiji na kung'ata watu, kinakuja hivo, taya na koo vinapooza na mbwa anaonekana wa kuhurumiwa. Mkono ulikuwa na mchubuko wa nondo wa jana yake, nikauosha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima kwa saa, nikaenda hospitali nikaanza kozi ya sindano jioni ile, sikusubiri kuona mbwa itakuwaje. Mbwa alikufa siku ya pili. Mwenye mbwa alikuwa anaapa chanjo alipiga, kadi ipo ndani, ngoja niitafute.

Hiyo kadi mpaka leo sijaiona.