Kurudi kwenye kazi ya hesabu baada ya miaka ya kulea

Mwajiri akiona pengo la miaka saba kwenye wasifu wa mhasibu, swali lake la kwanza ni kama ujuzi wako bado uko hai. Swali hilo lina msingi. Aliyeacha kazi Tanzania mwaka 2018 aliacha SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri) ikiwa asilimia 4.5 na kiwango cha kwanza cha PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) kikiwa asilimia 9. PAYE ile ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka 2021, na SDL ikafika 3.5 mwaka 2023. Ukiingia kwenye usaili na viwango vya zamani kichwani, maelezo yako mazuri kuhusu malezi hayatakuokoa.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma barua hata moja, funga hesabu za mwezi mmoja mzima. Tafuta duka la ndugu, saluni ya jirani au kikundi cha VICOBA (cha kuweka na kukopa), omba risiti na taarifa ya benki ya mwezi uliopita, kaa nazo. Anza na mauzo. Chukua ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) kutoka mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, uzilinganishe na leja, yaani daftari la hesabu. Mara nyingi hazitalingana, na sababu kubwa siku hizi ni malipo ya simu: mteja amelipa 50,000, benki imepokea pungufu kwa sababu makato yametangulia kukatwa, na karani akaandika kilichoingia benki kuwa ndiyo mauzo. Mauzo ni 50,000. Makato ni gharama, yana mstari wake.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nayo ina mtego wake. Bei ya 118,000 iliyojumlisha VAT ina kodi ya 18,000, yaani 118,000 mara 18 gawanya kwa 118. Anayechukua asilimia 18 ya 118,000 anapata 21,240, na makosa hayo yanajirudia kwenye kila ankara ya mwezi.

Kisha andaa mshahara mmoja, kwa sababu hili ndilo jaribio linalopendwa sana kwenye usaili. Tuseme mshahara ghafi ni 800,000. Toa kwanza mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Zinazobaki ni 200,000, zinatozwa asilimia 20, yaani 40,000. PAYE ni 60,000, na mfanyakazi anaondoka na 660,000. Wanaokosea wengi hukata kodi kwenye 800,000 kabla ya kutoa NSSF. Usisahau upande wa mwajiri: NSSF nyingine 80,000, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5 ambayo ni 4,000, na SDL 28,000 kama wafanyakazi ni 10 au zaidi. Viwango vya PAYE na SDL vinaweza kupangwa upya kwenye sheria ya fedha inayoanza kutumika Julai mosi, hivyo vikague tena kwenye tovuti ya TRA (mamlaka ya mapato) wiki ile unayoitwa kwenye usaili.

Makaratasi yashughulikie sambamba na mazoezi haya, maana mengine yanachelewa. Hakikisha TIN yako (namba ya mlipakodi) imeunganishwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba yako ya zamani ya NSSF bado ni yako. Ukijisajili upya michango yako itakaa sehemu mbili, na kuiunganisha ni safari ndefu. Kama ulichangia PPF, mfuko wa pensheni wa zamani, uliunganishwa na mingine mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kwa hiyo ulizia kumbukumbu zako ziko wapi. Mwenye CPA (sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa) ambaye ada yake NBAA, bodi ya wahasibu, imelala aanze kuilipia mapema. Vyeti vilivyopotea vinadai ripoti ya polisi kwanza.

Kwenye wasifu, pengo lipe mstari wake na miaka yake: malezi ya watoto, nyumbani. Kama ulikuwa mweka hazina wa kikoba, andika idadi ya wanachama na ulichokifanya hasa, mfano kugawa faida ya mwisho wa mwaka. Tafadhali usibuni kampuni ya kujaza nafasi. Wadhamini hupigiwa simu, na uhasibu ni kazi ya uaminifu kabla ya kuwa kazi ya namba. Kuhusu mshahara, usitaje ule wa mwisho. Uliza majukumu, kisha taja kiasi.

Wakati wa kutafuta nao una maana. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba, makadirio ya kodi yanatakiwa kufikia mwisho wa Machi na ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) ya mwisho kufikia mwisho wa Juni. Kati ya Januari na Mei ofisi za ukaguzi huhitaji mikono ya ziada, na mkataba wa miezi mitatu ni mlango mzuri kwa anayerudi. Lakini panga mapema nani atawachukua watoto shule: PAYE na SDL zinalipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, VAT tarehe 20, na jioni za siku hizo ofisi haifungwi mapema.

Ukishapata kazi, siku ya kwanza omba faili la mwezi uliofungwa mwisho na uhakiki salio la benki kabla hujaingiza chochote, kwani kosa la nyuma usipolionyesha mapema litahesabiwa lako. Omba pia jina na nywila yako kwenye mfumo. Ukikubali kutumia ya aliyekutangulia, hutaweza kuonyesha ni kipi ulichoandika wewe, na yeye naye vilevile.