Betri ya moyo isiyo na waya kwa mzee

Dada, pole na mahangaiko. Umesema betri ya moyo ya mzee (pacemaker, kifaa kinachochochea mapigo ya moyo) inakaribia kuisha, naye, baada ya miaka ya kubeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anataka ile ndogo isiyo na waya. Namwelewa, lile donge chini ya mtulinga linakera.

Ila kama waya zake bado ni nzima, mara nyingi daktari hufungua ngozi tu akabadilisha kiboksi chenye betri, yaani hilo donge. Ile ndogo, kama sentimita 2.6 hivi, hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Mtihani ni waya za zamani: zikikaa miaka hunata kwenye mishipa, kuzing'oa kuna hatari, hivyo mara nyingi huachwa humo humo. Anayefaidika hasa ni aliyewahi kupata maambukizi pale kiboksi kilipo, au ambaye mishipa ya kupitishia waya imeziba.

Mkienda kliniki, hospitali ya Bugando au kwingine, ulizeni: moyo wake unahitaji kuchochewa chumba kimoja au viwili? Nyingi za hizo ndogo huchochea kimoja. Na ikiisha, itatolewa au itawekwa nyingine kando yake?

Kizunguzungu kikianza kabla ya tarehe yenu, msingoje. Mpelekeni siku hiyo hiyo.